Mwandiko wa Mtu Aliyenyongwa



Ndugu zangu katika imani, nina swali. Je, kutunza barua na saini ya mtu ambaye serikali ilimwita gaidi ni uadilifu, au ni kumtukuza?

Mimi ni wa Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa George, na katika wilaya yetu ya Kasese neno "mwasi" si geni. Isaya Mukirane alikuwa mwalimu. Mwaka 1962 yeye na wenzake wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro kwa hasira, kisha akaongoza Rwenzururu kutoka milimani. Alifariki 1966 akihesabiwa mwasi. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua ufalme wa Rwenzururu.

Dedan Kimathi wa Kenya alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kabla ya siku hiyo alimwandikia barua Padri Marino wa misheni ya Nyeri, na maneno ya barua hiyo tunayo hadi leo. Anamwombea mwanawe shule. Anamkumbuka mkewe aliyekuwa kifungoni. Mtu huyo humpati katika tangazo la kumsaka.

Mtume (s.a.w.) alimwagiza Ali (r.a.) asihukumu kati ya wawili mpaka amsikilize na wa pili. Faili la polisi ni maneno ya upande mmoja. Aliyekufa hawezi kuitwa barazani, na mwandiko wake ndio ulimi aliouacha. Anayeuchoma anaifunga kesi kabla haijasikilizwa.

Lakini kuna wa kunijibu: "Na Mpondwe je?" Mwezi wa Juni 2023, hapo karibu na Bwera, shule ya sekondari ilivamiwa usiku. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Serikali ilisema ni ADF, kundi linalojinasibisha na dini yetu. Je, na maandishi ya watu hao tuyatunze?

Nasema ndiyo, yatunzwe, kwa sababu kusikiliza si kusamehe. Karatasi yenye amri ya kuua ni ushahidi wa mzazi aliyezika mtoto. Ikipotea, haki yake inapungua. Tena, kama wameandika aya chini ya dhulma, wanavyuoni wetu watawajibuje bila kusoma walichoandika? Hata barua ya Kimathi, kwa upole wake wote, haiwafuti wanawake na watoto waliouawa Lari mwaka 1953.

Kwa hiyo kuna mipaka. Karatasi ikae katika nyumba ya kumbukumbu, pamoja na faili la mashtaka na majina ya waliodhulumiwa, ili msomaji aone yote. Saini hiyo hiyo ikitundikwa ukutani kama pambo, ikauzwa mnadani au kuchapwa kwenye fulana, hapo tumeacha kusikiliza na tumeanza kusifu. Na damu ya watu haisifiwi.

Ndugu zangu, Suratul Infitar inatukumbusha kuwa tunao waandishi watukufu wanaojua tunayoyatenda. Kitabu chao hakina upande mmoja. Sisi hatuna kitabu hicho, tuna karatasi zetu pungufu tu. Basi tusizichome, na tusizisome nusu.

Wallahu a'lam.