Kurudia na Kurudi

Katika lugha yetu yako maneno mawili ya tumbo moja ambayo mimi, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu kuchora nakshi za vitenge hapa Kampala, sikuyapambanua mpaka nilipoiweka kalamu chini: kurudia na kurudi. Mchoraji wa nguo hurudia, na hiyo ndiyo riziki yake. Huchora kipande kimoja tu chenye majani na maua, kisha kipande hicho huchapwa na kuchapwa tena mpaka jora limalizike. Na ustadi wake hupimwa kwa jambo moja, kwamba jicho la mnunuzi lisione mahali kipande kinapokoma na kingine kinapoanza. Kwa ajili hiyo hukata karatasi yake katikati, akazibadilisha nusu mbili mahali ili kingo za nje zikutane, kisha akachora juu ya kiungo hicho, maana nakshi isiyovuka mpaka wake hujisaliti.

Lau ungaliingia chumba cha kuchapia katika miaka ile, ungaliona meza ndefu iliyotandikwa nguo nyeupe, na watu wawili wamesimama huku na huku, wakiiweka fremu ya wavu penye kizuizi chake, wakivuta rangi kwa ubapa wa mpira, kisha wakiruka nafasi moja na kuchapa inayofuata, ili fremu isikanyage rangi mbichi. Wakifika mwisho hurejea mwanzo kujaza nafasi walizoziruka. Na kila rangi ina wavu wake, hata ikawa fremu moja ikipotoka unene wa ukucha, jani huachana na kikonyo chake.

Siku moja, kwa haraka ya ujana, niliipitisha nakshi ya majani ya mgomba ambayo yote yalijikunyata kabla ya kufika ukingoni. Mezani haikuwa na dosari. Walakini ilipotundikwa na kutazamwa kwa mbali, mstari mweupe ulijitokeza ukiikata nguo kila baada ya shubiri tatu, mithili ya njia ya siafu nyasini. Majora yale yakauzwa kwa bei ya kutupa, nami kwa muda mrefu nikaona haya kupita Kiyembe, mtaa wa wauza nguo. Baadaye, arusini, nilimwona mama mmoja amevaa kanzu ya kitambaa kile kile, na fundi wake ameuweka ule mstari sawasawa kwenye upindo wa chini na kwenye mikono, ukaonekana kama pambo lililokusudiwa tangu awali. Mahali nilipoona aibu, yeye aliona mahali pa kukata.

Tangu hapo nimetaamali kwamba kumbukumbu nayo ni mchapaji. Huchagua kipande kimoja cha maisha, kama harufu ya rangi asubuhi au sifa kutoka kwa mkuu wa kazi, ikakirudia na kuvificha viungo, hata mzee akadhani kwamba umri wake ulikuwa jora moja lisilokatwa. Ilhali viungo vipo. Umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, uliendesha viwanda vya nguo na kutupa vijana wa zama zetu tumaini la ufundi. Kisha ukaja mwaka 1972, pale watu wenye asili ya Bara Hindi walipopewa siku 90 kuihama Uganda, na sahibu zangu waliokuwa wakichora ubavuni mwangu wakaacha brashi zao ndani ya vikopo. Nikisimulia kazi yangu bila ya kukitaja kiungo hicho, nitakuwa nimerudia mambo mengi, lakini ukweli nitakuwa nimeuficha.

Binadamu hurudia kwa sababu hawezi kurudi. Hilo si la kulilia. Maadamu mlango wa nyuma umefungwa, kurudia kwa insafu, pamoja na viungo vyake, ndiyo heshima pekee tunayoweza kuupa wakati uliopita. Kipande cha nguo ile ninacho hata leo. Nikikikunjua, jicho huyaacha majani yaliyochorwa vizuri likaenda kwenye mstari mweupe, na hapo hujua kwa yakini kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilikuwa na haraka, na kwamba nilikuwapo.