Rangi Juu ya Mshono

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulichokonoe leo ni hili: kitu ulichokitengeneza kwa raha zako mwenyewe, nyumbani kwako, bila kulipwa hata senti tano, je, kinakuachia deni? Wengi watajibu haraka kwamba pasipo pesa hapana deni. Ukinunua kitanda kikavunjika, yupo mtu wa kumkamata shati. Ukipewa kitanda kikavunjika, aa, basi tena, utamwambia nini mtu aliyekutendea wema? Mimi naona mambo ni kinyume kabisa. Naona zawadi ina deni zito kuliko bidhaa. Na fikra hii sikuianzia kwenye vitabu vya wanafalsafa. Nimeipata kwenye mashine ya kuchomelea vyuma ambayo uzito wake haufiki kilo tano.

Tuanze na mashine yenyewe, maana bila kuijua hoja itaelea hewani. Sote tuliokulia mjini tunaifahamu mashine ya fundi wa kuchomelea: sanduku la chuma lenye transfoma nzito, pengine kaliunda mwenyewe kwa nyaya za shaba alizozisokota kwa mkono, nalo siku ya kuhama kibanda linataka wanaume wawili na mkokoteni. Pita Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, utayaona. Hii ndogo ya siku hizi inaitwa inveta. Ndani yake umeme wa nyumbani unakatwakatwa mara maelfu kwa sekunde kabla haujafika kwenye transfoma, na kadiri unavyokatwa haraka ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo. Basi unapata kisanduku chenye mkanda, unakitundika begani kama mkoba, unakichomeka kwenye soketi, kazi inaanza. Kwa kijiti cha milimita 2.5 unahitaji ampea kama 60 hadi 80 hivi. Umeme wa nyumba unazimudu, ingawa taa za jirani unayechangia naye mita zinaweza kukonyeza. Ugomvi wa LUKU unaofuata hapo una makala yake, tuuache.

Kijiti nacho ni waya mnene wa chuma uliovikwa koti la unga mgumu. Koti hilo ni ubunifu wa Oscar Kjellberg, Msweden aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904. Ukikigusisha kijiti kwenye chuma na kukiinua kidogo, umeme unaruka kwenye ule mwanya na kuzaa moto wa kuyeyusha chuma, yaani zaidi ya nyuzijoto 1,500 za Selsiasi. Koti linaungua, linatoa gesi inayoizuia hewa ya kawaida isiuguse uji wa chuma, halafu masalia yake yanaelea juu na kuganda kama gamba. Kikipoa unaligonga kwa kinyundo, gamba linabanduka, na chini yake mshono unang'aa. Waliowahi kuliona gamba likijibandua lenyewe, kipande kizima, kama ganda la yai, wanaijua raha ninayoisema. Ni raha ya kitoto na siionei aibu.

Lakini gamba hilo hilo, mkono ukikimbia au ampea zikipungua, linaweza kunaswa ndani ya mshono likabaki humo. Au chuma kilichoyeyuka kikalala tu juu ya mwenzake kama uji juu ya sinia, bila kupenya. Kwa nje huoni kitu. Ukipitisha grainda, ukapaka puti, ukamalizia na rangi mbili za kung'aa, hata fundi wa miaka thelathini hawezi kuapa kilichomo. Wahenga walituambia nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sasa mshono hauna mlango.

Hapa mjini ukionekana unachomelea, swali la kwanza ni "Unauza shilingi ngapi?" Ukijibu huuzi, watu wanakutazama kama umechanganyikiwa. Lugha yetu imejaa maneno ya kutafuta riziki, kibarua, ajira, shughuli, dili, mishemishe, lakini kazi ya mikono inayofanywa kwa kupenda tu tunaiita "hobi", neno tulilolikopa pamoja na kicheko chake. Mimi siku za kazi nakaa ofisini nikipanga barua za watu wengine kwenye majalada. Jumamosi natoka uani na kisanduku changu. Nimeshaunda stendi ya ndoo, kimeza cha redio, na kinara cha vyungu vya maua ambacho mama mwenye nyumba amekihamishia barazani kwake bila kuuliza. Hakuna bosi, hakuna tarehe. Nadhani wewe unayeandika mashairi usiku kwa mwanga wa simu unanielewa. Tofauti yetu ni moja tu: shairi bovu halijawahi kumvunja mtu mguu.

Na uani si pangu peke yangu. Mwanga wa kuchomelea una miali isiyoonekana inayounguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na ubaya wake ni kwamba haulipizi hapo hapo. Mtoto anautazama saa kumi jioni akiona fataki, usiku wa manane ndipo analia kwamba macho yamejaa mchanga. Moshi nao: mwaka 2017 wataalamu walioitwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaoweza kukuangusha na homa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo raha ni yangu, mwanga ni wa uani kote. Mimi hutundika kanga nene tatu zilizoloweshwa maji kwenye kamba, na watoto nawafukuza kwa ukali ambao mama zao hawaupendi.

Sasa tuje kwenye zawadi. Dada yangu ana watoto watatu na chumba kimoja. Akaniambia, "Kaka, si una mashine? Nitengenezee kitanda cha dabodeka, vyuma nitanunua mwenyewe." Nikamjibu nitamtengenezea. Akasema asante papo hapo, na ile asante ndiyo iliyonikosesha usingizi. Dada huyu namfahamu. Angekwenda kununua kitanda, angekitikisa, angekikalia, angeinama kutazama chini, angesema hiki miguu yake imepinda, angeondoka hatua kumi ili aitwe. Mnunuzi ana haki ya kushuku na anaitumia. Aliyepewa ameinyang'anywa. Akigonga-gonga chuma mbele yangu atakuwa amenitukana, na yeye analijua hilo, kwa hiyo atatabasamu, atawapandisha watoto juu, atazima taa. Ukaguzi ambao angeufanya yeye umehamia mabegani mwangu. Ndiyo maana nasema deni la zawadi ni zito: mdai hawezi kudai.

Nililipeleka jambo hili kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye kibanda chake kiko mitaa miwili kutoka kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuvua miwani yake meusi, ambayo ndiyo kinga pekee aliyonayo. Nilitegemea atalalamika kwamba sisi wa hobi tunamharibia soko. Alilalamika, ndiyo, kidogo, nami nadhani ana haki nusu: kitanda cha dada ni mlo aliokosa yeye. Lakini si hilo lililomkera zaidi. "Bwana mdogo," akasema, "mimi nikiharibu, kesho asubuhi mtu ananiletea kitanda chake hapa, anakitua mbele ya wateja, ananitukana. Wewe dada yako atakuja kukutukana?"

Nikanyamaza.

"Hatakuja," akasema. "Atafunga kamba."

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasimulia habari za mchungaji aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni haonekani. Swali linaloulizwa pale ni kama yuko mtu ambaye angevaa pete ile na bado akatenda haki. Vijana tukilisoma darasani tunafikiria wizi wa benki na chumba cha binti wa jirani. Kumbe pete yenyewe inauzwa dukani kwa kopo, inaitwa rangi.

Tena haisemwi kwa mafumbo tu. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Alexander L. Kielland lililokuwa likitumika kama mabweni ya wafanyakazi wa mafuta lilipinduka. Ndani yake walikuwamo watu 212, na 123 walikufa. Tume ya Norway ilifuatilia chanzo, ikafika kwenye mshono mwembamba wa milimita 6. Mshono huo haukuwa umebeba jukwaa. Ulishikilia kitako cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, kitu cha pembeni kabisa, kilichochomelewa kwenye mojawapo ya mihimili. Ufa ulianzia pale, ukatambaa kidogo kidogo kuuzunguka mhimili, mhimili ukakatika, mguu mzima ukang'oka. Na wachunguzi walipokitazama kile chuma kilichopasuka walikuta rangi ndani ya ufa. Maana yake ufa ulikuwapo kabla brashi haijapita. Yupo mtu, hatumjui jina, aliyepaka rangi juu yake. Huenda hakuuona. Ninavyofikiri mimi, hakuwa mwovu. Alikuwa na kopo la rangi na kazi ya kumaliza, kama sisi wote.

Rafiki yangu mmoja wa kijiweni alinicheka niliposimulia haya. "We mshikaji unajifanya mhandisi. Watu wanalalia vitanda vya misumari mitatu na wanazaa watoto." Nikamwacha acheke, lakini nyuma ya kicheko chake kuna hoja ya maana. Kama kila anayejifunza angesubiri awe bingwa ndipo atoe, basi hakuna ambaye angejifunza, na dada zetu wangelala chini. Ukali wa namna hii unaweza kugeuka uvivu uliovaa tai. Nakubali. Ila tusichanganye vitu. Kinara cha maua kikianguka, umepoteza chungu. Stendi ya ndoo ikilegea, umelowa miguu. Kwenye vitu hivyo mwanafunzi ajifunze na agawe apendavyo. Lakini ngazi, bembea ya watoto, kitanda cha juu, kiti cha bibi, hivi ni vitu ambavyo mtu anakukabidhi mwili wake. Nia njema haiongezi hata milimita moja ya kupenya kwa chuma.

Kwa hiyo nilifanya anachoweza kufanya mtu asiye na maabara. Nilikata vipande vya skwea paipu ile ile ya dada, nikavichomelea kwa kijiti kile kile na ampea zile zile, upande mmoja tu, nikavibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo hadi vikakubali. Ukiona mshono umefunguka katikati na ndani mna madoa meusi ya gamba, usidanganyike na uzuri wa nje. Ukiona paipu yenyewe imejikunja au imechanika pembeni na mshono umebaki mzima, hapo unaweza kuanza kupumua. Nilivunja viungo kumi na viwili kabla sijagusa kitanda, na vijiti vilivyoteketea nilinunua kwa pesa yangu. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama nina hasira na mtu.

Likabaki suala la rangi. Dada anataka waridi, watoto wameshaahidiwa. Nikawaza nikiache kitanda bila rangi ili kila mshono uonekane, lakini chuma kitupu na hewa hii ya pwani havipatani, mwaka haujaisha kutu imeshakula. Rangi inaficha, na rangi hiyo hiyo inalinda. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo wakati nikimnukuu Plato. Mwishowe nimepaka waridi kila mahali isipokuwa kwenye maungio. Maungio sikuyapiga grainda wala puti. Nimeyapaka vanishi isiyo na rangi, ili ufa ukianza pembeni mwa mshono uonekane kabla haujatambaa. Dada anasema kitanda kinafanana na mtu aliyefungwa bandeji kila kiungo. Nimemwonyesha mahali pa kutazama na nimemwambia atazame kila mwisho wa mwezi, kwa tochi, na akiona mstari aniite hata usiku. Alinuna kidogo. Kisha akaanza kuuliza: huu mstari, na huu, na hapa mbona pana kidoti? Alikuwa ananikagua, ananishuku kama muuzaji wa sokoni, nami nilifurahi kuliko alivyosema asante.

Yule fundi alikuja mwenyewe Jumapili, sikumwita. Alivua miwani, akapiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye maungio yote, la mwisho akalirudia mara mbili. Hakusifu. Akaniuliza vijiti nanunua duka gani.