Mbwa Anayepofuka: Tumtupe au Tumkabidhi?

Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti, na wengi wa watu wake wameonja taabu ya kuhamishwa. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Mwaka 2017 jamaa nyingi zikahamishwa ili pale pachimbwe. Siku ya kuhama hupakiwa magodoro, masufuria, viti, na kuku katika kikapu. Na mbwa je? Yule kijana hulikimbilia gari. Lakini yule mzee, ambaye macho yake yameingia ukungu, husimama peke yake katika lupango, akisikiliza.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Mbwa anayepofuka, tusipoweza tena kukaa naye, twawiwa naye nini?

Wengine watacheka. Watasema: “Hapa wapo watoto wanaookota na kuosha mawe ya madini badala ya kwenda shule, nanyi mwasumbukia macho ya mbwa!” Neno hili si la kudharauliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika fungu la 2418, yafundisha mambo mawili pamoja: kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu; tena haifai kuwatumilia fedha ambayo yapasa kwanza kuwaondolea watu taabu. Twayakubali yote mawili. Hatumdai mtu dawa za bei kali. Twadai yasiyonunuliwa kwa fedha: ukweli, subira, na safari ya miguu.

Kwa maana mbwa huyu alitumika. Usiku wezi walipopita, sisi tulilala, yeye alikesha, na ujira wake ulikuwa bukari iliyobaki chunguni. Twasema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mbwa mzee, wenye mateke ni sisi.

Basi tupambanue kutupa na kukabidhi. Mwenye kutupa hutaka mzigo uondoke mbele ya macho yake tu. Humwacha mbwa sokoni, au humpa mtu bila kusema kwamba haoni. Kesho yake mtoto wa nyumba ile amgusa ghafula, mbwa ashtuka na kuuma, kisha apigwa hata afe. Ni nani aliyemwua? Si mwenye fimbo peke yake. Aliyenyamaza naye ana sehemu yake.

Mwenye kukabidhi husema yote: umri wa mbwa, hali ya macho yake, na kama amechanjwa kichaa cha mbwa au sivyo. Hatafuti nyumba ya tajiri, bali nyumba yenye mtu ashindaye kiwanjani, labda mjane au babu, ambako hakuna shimo lililo wazi. Tena hujua kwamba mbwa aliyepofuka polepole aliishika njia yake moyoni, naye akihamishwa huipoteza. Kwa hiyo humchukulia gunia lake la kulalia, kwa kuwa lina harufu anayoijua. Humtembeza kwa kamba kandokando ya ukuta, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Huwaonyesha wenyeji kuweka bakuli la maji mahali pamoja sikuzote, na kumwita jina kabla ya kumgusa. Baada ya juma hurudi kumtazama.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma habari za mzee aliyepofuka, na mwanawe Tobia aliyekwenda safari pamoja na malaika Rafaeli. Mbwa alifuatana nao. Hana jina, wala hakutenda jambo kubwa. Lakini waliporudi kwa yule kipofu, mbwa alikuwa pamoja nao. Hakuachwa njiani.

Watoto wetu hututazama siku ya kuhama. Wakiona kwamba aliyechoka kutumika huachwa nyuma, watajifunza, na siku moja ukungu utaingia katika macho yetu wenyewe.

Na kama tumepiga hodi nyumba hata nyumba, wala hakuna aliyempokea? Basi tusogeze masufuria kidogo. Nafasi yake ipo juu ya gari.