Daftari la Usiku

Somo: Esta 6:1–3

Usiku mmoja mfalme Ahasuero alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu. Humo likaonekana deni: Mordekai alimponya mfalme na kifo, wala hakulipwa kitu.

Mimi nami ninacho kitabu cha namna hiyo, daftari la bei ndogo nililonunua dukani hapa Bariadi. Asili yake ni aibu. Mama mmoja mjane alikuwa akinieleza msiba wake, nami nikasinzia mbele ya macho yake. Nikaenda kwa daktari. Hakunipa dawa, aliniagiza niandike kila asubuhi, kwa muda wa majuma mawili, nimepanda kitandani saa ngapi, nimeamka mara ngapi, tena nimekunywa chai lini. Akanionya nisitazame saa usiku, maana kuhesabu saa huzidi kuufukuza usingizi. Niandike kwa kukisia tu.

Hapo kwanza nalijivunia kukesha kwangu, nikidhani ni bidii ya kazi ya Bwana. Moyoni naliwalaumu hata wakulima wetu wa pamba, ambao wakitoka shambani hulala mara. Kumbe Luther hakutufundisha hivyo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, baada ya sala ya jioni, amwagiza Mkristo alale upesi kwa moyo wa furaha. Naye Bwana wetu alilala chomboni katikati ya tufani. Asiyelala ni Mlinzi wa Israeli (Zaburi 121). Kazi hiyo si ya mchungaji.

Lakini daftari lilinionyesha na neno lingine. Usiku mbaya ulikuwa ule ule kila juma, yaani ule wa baada ya baraza la wazee. Nalimtolea mzee mmoja maneno makali juu ya hesabu ya sadaka. Baadaye ikaonekana hesabu yake ni sawa, nami sikumrudia. Chai haikuwa na kosa. (Wala si kila akosaye usingizi ana deni kama langu. Wako wenye maumivu, na wenye watoto wachanga, wasihukumiwe. Naye asiyelala majuma mengi na aende hospitali.)

Jumamosi nalikwenda kwa mzee yule kabla jua halijachwa, ingawa majua mengi yalikuwa yamekwisha kuchwa. Tukasemezana, tukala pamoja. Jumatatu nalikwenda kwa yule mama mjane, nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo.