Mwana-Mbuzi Yatima: Sadaka au Deni?

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji jambo lililotufika katika darasa letu hapa Section 58, Nakuru. Jambo lenyewe laonekana dogo, na huenda wengine wakacheka kuona masheikh wakishughulika na mbuzi. Lakini sisi limetufunza.

Jirani yetu mmoja alifiwa na mbuzi wake usiku wa masika, mara tu baada ya kuzaa. Mbuzi akaacha wana wawili, jike na dume. Asubuhi jirani akatujia. Alikuwa na mbuzi mwingine aliyezaa siku moja kabla, na maziwa ya huyo ndiyo aliyoyategemea kwa chai ya nyumbani na kwa kuuza. Akasema: "Sheikh, huyu jike nitamlea kwa chupa, maana atakuja kunizalia. Lakini dume hana faida. Maziwa atakayokunywa yatapita bei yake. Je, nikimwacha, nina dhambi?" Nasi tukamwambia arudi kesho baada ya Alasiri, ili tupate kutazama vitabu.

Vitabu havikuwa na shaka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hushurutishwa ama amlishe, ama amuuze, ama amchinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa. Tena haifai kumkama mnyama kiasi cha kumdhuru mwanawe. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, alieleza kuwa kuwalisha ni wajibu hata mnyama akiwa mgonjwa asiyetazamiwa manufaa yoyote. Basi neno la "hana faida" lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Na hekima yake ni nini? Sote twaijua habari aliyoisimulia Bwana Mtume (s.a.w.) juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie. Kosa lake lilianza pale alipomfungia. Nasi pia tumemtia mbuzi uani, tukamzungushia boma, tukamchagulia beberu, tukanywa maziwa yake. Mlango wa riziki yake tumeushika sisi. Kwa hiyo mwana wake akibaki yatima, maziwa tunayompa si sadaka bali ni deni. Na tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa: mtoa sadaka hutoa moyo wake ukiwa laini, lakini mwenye deni hulipa hata moyo ukiwa mgumu.

Huenda mtu akauliza: "Watoto wa watu wanalala na njaa, nanyi mwanywesha mbuzi?" Swali hili ni la haki. Maziwa yakiwa hayatoshi, mtoto wa binadamu ndiye wa kwanza, wala hapana mjadala. Lakini tusimfanye mtoto kuwa pazia la mfuko wetu. Maziwa ya jirani yetu hayakuwa yakingojewa na mtoto mwenye njaa. Yalikuwa yakingojewa na mnunuzi. Na asiyeweza kweli, njia iko wazi: amuuze au ampe mwenye maziwa. Ama kumwacha mnyama afe njaa polepole, huko si kuchinja, wala hakuna aliyekuruhusu.

Jirani akarudi siku ya pili, tukampa jibu, akaenda mbio akamnywesha yule dume. Siku ya nne dume akafa. Jike, aliyepewa dang'a asubuhi ile ya kwanza, yu hai, na amekwisha kuachishwa maziwa.

Baadaye tuliwauliza wajuzi wa mifugo. Wakatuambia kuwa dang'a hutakiwa katika saa chache za mwanzo, na bora isipite saa ya sita. Ikipita siku nzima, utumbo haupitishi tena kinga yake kwenda katika damu. Aliyepatwa na baridi, na usiku wa Nakuru una baridi, hupashwa moto kwanza kabla ya kunyweshwa. Maziwa yawe na uvuguvugu wa mwili, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Anywe akiwa amesimama, kichwa kimeinuka, wala asilazwe chali kama mtoto wa mtu, yasije yakaingia mapafuni. Na chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Haya nayo ni sehemu ya wajibu, kwani ajuaye kuwa ana deni asijue namna ya kulilipa, bado hajalipa.

Wala hatujitakasi nafsi zetu. Jibu tulikuwa nalo moyoni tangu asubuhi ile, ila tulitaka kulipamba kwa vitabu, na kiumbe yule hakuweza kungoja. Ilitupasa kusema: "Nenda ukamnyweshe kwanza, kisha njoo tusome." Tumemwomba Mola msamaha, na jirani pia. Na tangu siku hiyo, swali lolote lenye roho ndani yake hujibiwa katika darasa letu siku ile ile.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.