Kioo Kikifa, Nani Amekufa?

Hapa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wateja wetu huwahi kutangaza msiba. Mtu anafika akisema, "Fundi, simu imekufa," na papo hapo inamwitia mfukoni. Kilichokufa ni kioo. Akiwa na bahati, ambayo nitaieleza, naichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, nafungua programu ya scrcpy, na yote aliyoyalilia yanatokea kwenye skrini kubwa: namba, ujumbe, picha za marehemu baba yake. Nabofya kwa kipanya, simu inatii. Kioo chenyewe bado cheusi tii.

Mzee mmoja aliyeyaona hayo aliniambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo roho. Mwili unavunjika, yenyewe ipo palepale." Nilimwitikia kwa heshima, ila moyoni sikuridhika. Hoja hiyo ilishajibiwa zamani. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaidon, Sokrates akiwa anangoja kunyweshwa sumu, rafiki yake Simmias anauliza: je, kama roho ni upatanifu wa sauti za kinubi, kinubi kikivunjika unabaki wapi? Kebes naye anamtaja mfumaji aliyechakaza nguo nyingi maishani, lakini ile ya mwisho ikabaki baada yake. Fundi simu humwelewa Kebes upesi. Simu moja nimeibadilishia kioo zaidi ya mara moja na ikadunda, lakini siku bodi ilipoungua, hapakuwa tena na cha kuvuta kwa waya. Kwa hiyo waya wangu hauthibitishi uzima wa milele. Imani yangu juu ya akhera nimeipata kwingine, wala siidai kompyuta ushahidi.

Unachothibitisha waya huo ni kidogo zaidi. Scrcpy, iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Genymobile ya Ufaransa, haipigi picha kioo. Hupeleka programu ndogo ndani ya simu, ikachukua picha inayoundwa humo, ikaigeuza video na kuituma kwenye kompyuta. Kioo ni mpokeaji mmoja tu wa picha hiyo. Kikinyamaza, huwezi kusema ndani hakuna kitu.

Kwa binadamu nako yamepimwa. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Science habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo katika ajali ya gari. Hakuonyesha dalili yoyote ya fahamu. Walimlaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwambia afikirie anacheza tenisi, kisha kwamba anazunguka vyumba vya nyumbani kwake. Ubongo wake uliitikia kama wa mtu mwenye afya. Utafiti wa mwaka 2010 ulipima wagonjwa 54 wa hali ya namna hiyo au inayokaribiana nayo. Walioweza kuitikia hivyo walikuwa watano. Wengi hawakuitikia, na ni haki kulisema hilo. Lakini kwa kuwatazama usoni tu, nani angewatambua wale watano?

Bibi yangu alipopigwa na kiharusi, wazee walikataza mazungumzo ya mirathi karibu na kitanda chake. Kila aliyeingia alimtolea salamu kana kwamba angejibu, na usiku walimnong'oneza shahada sikioni. Hawakungoja mashine iwaambie kama anasikia. Mwenye shaka katika jambo hili na akosee upande wa heshima: kumsalimia asiyesikia hakumdhuru yeyote, lakini kumteta anayesikia ni dhuluma.

Sasa ile bahati. Njia hii hukubali tu pale ambapo mpangilio wa simu uitwao Utatuzi wa USB (USB debugging) ulishawashwa na simu ilishaikubali kompyuta husika. Kompyuta ngeni ikichomekwa, simu huomba ruhusa kwanza, na ombi hilo hutokea kwenye kioo kilekile kilichokufa. Mteja huniona mkatili ninapomweleza, lakini simu ina haki. Bila hivyo kila mwizi angesoma siri zetu. Mtu naye hafunguliwi kwa nguvu. Nyumbani kwetu, aliyejua bibi anataka maji au anataka kugeuzwa ni mjukuu mmoja tu, aliyekuwa akikaa naye barazani miaka yote. Sisi wengine tulifika na mapenzi tele, lakini tulikuwa wageni kwake.

Ndiyo maana swali la roho huenda wapi nimewaachia wanaolijua, nikashika lililo mikononi mwangu. Mama yangu yupo, anasema vizuri. Nimeshaanza kumuuliza nani anamdai, naye anamdai nani, na dua gani angependa kusomewa. Mwanzoni alidhani namtakia kifo. Sasa mwenyewe hunikumbusha nisipouliza.