Mama Mwenye Gitaa Aliyeitangulia Roki

Ukipita soko la mitumba la Ngara asubuhi, kabla mabati hayajashika moto, utaziona fulana nyeusi zimetundikwa kwenye henga: Metallica, Nirvana, AC/DC, Iron Maiden. Zimekuja ndani ya marobota pamoja na mashuka na suruali za watoto, na wanaoziuza huzipanga kwa ukubwa, hawajali bendi. Kijana mmoja anayeuza hapo ni jirani yangu, na yeye anajali. Huziweka kando zile za roki na kuzitafutia mteja anayezijua. Solo za Jimmy Page wa Led Zeppelin amezikariri hivi kwamba vidole vyake vya kushoto huchezacheza hewani akihesabia watu chenji.

Juzi alinionyesha fulana ya buluu iliyopauka, imeandikwa Chicago Blues Festival. "Uncle, hii nayo ni ya bendi gani?" Nikamwambia hiyo ni tamasha inayofanyika jijini Chicago tangu mwaka 1984, na muziki unaopigwa pale ndio uliomlea huyo Page wake. Akaikunja fulana, akaiweka chini ya meza. "Basi niambie nianzie wapi."

Nimelifikiria swali lake kwa uzito kuliko pengine alivyotarajia, kwa sababu naona linatuhusu wengi. Sisi wapenzi wa roki hapa Nairobi tumezoea kusutwa. Wengi wa rika langu tulilelewa na redio ya X FM, tukazifuata bendi za hapa nyumbani kama Parking Lot Grass na Murfy's Flaw, na kila mara hakukosi shangazi au mwenzetu kazini wa kuuliza kwa nini tunapenda kelele za wazungu. Jibu letu la kawaida ni kwamba muziki hauna rangi. Mimi silipendi jibu hilo. Muziki una rangi, una kabila, una kijiji, na una jina la mtu aliyeupiga kwanza. Ukiifuata roki hadi chimbuko lake utawakuta watu weusi maskini wa Mississippi, wajukuu wa watumwa, na gitaa za bei rahisi.

Kwa hiyo nilimwanzishia na wimbo ambao tayari alikuwa anaujua. "When the Levee Breaks" unafunga albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971. Kijana anaweza kukueleza jinsi ngoma za John Bonham zilivyorekodiwa chini ya ngazi za jumba kuukuu huko Uingereza ili zipate ule mwangwi mzito. Asichokijua ni kwamba wimbo wenyewe ulirekodiwa New York mwaka 1929 na mume na mke, Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie. Mume ndiye anayeimba. Gitaa linalokushika ni la mke.

Nao ulizungumzia jambo la kweli. Mwaka 1927 mto Mississippi ulivunja kingo zake za udongo, ukawafukuza watu zaidi ya nusu milioni kutoka makwao. Katika mji wa Greenville maelfu ya Waafrika-Wamarekani waliwekwa kambini juu ya ukingo wa mto, wakalazimishwa kupakua shehena za misaada huku wakilindwa kwa bunduki, maana wenye mashamba ya pamba waliogopa kwamba wakiondoka hawatarudi kuvuna.

Mtu wa Ngara hahitaji kuelezwa sana habari ya mto. Mto Nairobi unapita hapo chini, kati yetu na Barabara ya Kirinyaga. Mwishoni mwa Aprili 2024 tuliuona ukifura, ukabadilika rangi na kubeba magodoro, na habari za Mathare zikawa zinatufikia kabla ya kupambazuka. Baadaye serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikafuata. Nilipomsikilizisha kijana rekodi ile ya 1929 hakusema neno kuhusu Led Zeppelin. Alisema mamake mdogo alilala siku kadhaa ndani ya darasa.

Lakini ni vyema niseme ukweli kuhusu sikio. Mpenzi wa roki akiingia kwenye bluzi za zamani, kinachomsumbua kwanza ni upweke wa sauti. Amezoea ukuta mzima wa amplifaya, na sasa anapewa watu wawili, gitaa mbili na sahani ya santuri inayokwaruza. Wengi huishia hapo. Mimi humwambia mtu aache kutafuta ukubwa, afuate vidole. Joe anashikilia rithimu bila kuyumba, Minnie anapita juu yake na solo, anaingia pale mume anapovuta pumzi, anatoka kabla hajaanza tena. Aliyekulia Kenya ana nafuu hapa, kwa sababu benga nzima imejengwa juu ya mazungumzo ya solo na rithimu.

Umbo la wimbo ni jepesi kulishika. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, vinne kwa kila mshororo. Mshororo wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unaleta sababu au kisasi. Sauti haijazi vipimo vyote vinne. Inaacha nafasi, na ndani ya nafasi ile gitaa linaitikia. Ukishalisikia hilo mara moja, roki yote unayoipenda inafunguka upya, kwa sababu sehemu kubwa yake imesimama juu ya vipimo vilevile 12, vimeongezewa umeme tu.

Halafu kuna habari ya chupa, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Kule Mississippi walichukua shingo ya chupa iliyovunjika, wakalainisha kingo zake, wakaivaa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa likaanza kulia kama mtu. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1950, wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa huko, walimweka mwenzao kando na chupa ya soda, hasa ile ya Fanta ya zamani yenye mikunjo, akawa anaigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma. Msikilize George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Kidole gumba kinatembea na besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo, na ile chupa inakimbia katikati yao bila kukosea hata mara moja. Anaimba mapenzi, wosia na majuto. Sisemi kwamba Mukabi alijifunza kwa mtu wa Mississippi, wala kinyume chake. Nasema kwamba sikio lililozoezwa na Mukabi halitakuwa geni kwa Memphis Minnie, na sikio lililomwelewa Minnie litamrudia Mukabi kwa heshima mpya.

Ushahidi kwamba sauti zilivuka bahari upo, tena uko Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet na kuwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu mtu aitwaye Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji kutoka Meridian, Mississippi, mzungu aliyejifunza bluzi kwa watu weusi na kufariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko mashambani, watu wakaipenda sauti yake, wakamtia kwenye nyimbo zao pamoja na kinubi chao, chepkong. Tracey aliandika kwamba wasichana walimfikiria kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakawa wanamwalika aje acheze nao. Na huku Kericho wakimwimba, kijana mmoja mweusi wa Mississippi aitwaye Chester Burnett alikuwa amejaribu kuuiga mruko wa sauti ya Rodgers, akashindwa, ukatoka mlio wa mbwamwitu. Ulimwengu unamjua kama Howlin' Wolf. Kwa hiyo wanaotuambia bluzi haituhusu wana mambo ya kujibu huko Kapkatet.

Safari pia inaweza kwenda upande wa pili. Ayub Ogada, zamani akijulikana kama Job Seda, alikuwa mmoja wa vijana wa bendi ya Black Savage hapa Nairobi katika miaka ya 1970, gitaa za umeme na Kiingereza. Kisha akalishika nyatiti, lenye nyuzi nane, akaenda nalo London katika miaka ya 1980 na kulipiga mitaani. Waliomfungulia studio ni watu wa Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitoka mwaka 1993, na wimbo "Kothbiro" ukaingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Alifariki mwaka 2019. Sijui mpenzi wa roki wa Kenya anayeweza kumsikiliza kwa makini na kubaki vile alivyokuwa.

Kinachonikera, na nakisema waziwazi, ni malipo. Willie Dixon alitunga nyimbo nyingi zilizowatajirisha wengine. Ilibidi aende mahakamani ndipo Led Zeppelin wakubaliane naye mwaka 1987 kuhusu "Whole Lotta Love", na wakfu alioanzisha, Blues Heaven, umekuwa ukiwasaidia wasanii kudai haki zao. Memphis Minnie alimalizia maisha yake katika umaskini, mgonjwa wa kupooza, akafariki mwaka 1973, na kaburi lake likakaa bila jiwe lenye jina hadi mwaka 1996, Bonnie Raitt alipolilipia. Wapo waliofanya vizuri mapema. Rolling Stones, waliojiita kwa wimbo wa Muddy Waters, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani mwaka 1965 walitaka Howlin' Wolf naye awepo, na akiimba wao wakaketi miguuni pake. Johnny Winter alimwingiza Muddy Waters studioni na kutoa naye Hard Again mwaka 1977, mzee akiwa zaidi ya miaka 60 na sauti bado inatikisa madirisha.

Hiyo ndiyo albamu niliyompa kijana baada ya Minnie, kwa sababu ina kelele aliyoizoea. Ikifuatwa na Live at the Regal ya B.B. King, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1964, atasikia ukumbi mzima ukijibizana na gitaa moja. Kisha Robert Johnson, nyimbo 29 tu za mwaka 1936 na 1937, lakini asizisikilize zote kwa mkupuo. Na katikati ya hao wote, Mukabi na wapigaji gitaa wenzake, Jean-Bosco Mwenda na John Mwale, bila kuwatengea rafu ya peke yao. Ile fulana ya buluu, kwa taarifa yenu, amekataa kuiuza.

Hapa Ngara tuna Sarakasi Dome, ambayo zamani ilikuwa sinema ya Shan. Ningependa niione bendi moja ya roki ya hapa Nairobi ikipanda jukwaa hilo pamoja na mpigaji wa omutibo kutoka Kakamega na mtu wake wa chupa, jina la mzee liandikwe juu kabisa kwenye bango, na pesa zake ziwe zimeshafika kwenye simu yake kabla hajalitoa gitaa mfukoni.